Ufunguo wa Mashine Uko kwa Nani?

Kila kompyuta, iwe kubwa ya kuendeshea benki au ndogo ya kuenea kiganjani, huanza kazi kwa swali moja: nisome maagizo yangu kutoka wapi? Kabla ya picha ya kwanza kutokea kwenye kioo, kabla ya nywila, kabla hata ya nembo ya mtengenezaji, kuna programu fupi inayotazama mahali palipopangwa, inachukua kinachokutwa hapo na kukikabidhi mashine nzima. Aliyepanga mahali hapo ndiye mwenye mashine. Wengine wote, hata kama wameilipia, ni wapangaji.

Nalileta jambo hili katika ukurasa huu wa siasa na jamii, wala sijapotea njia. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa serikali za Afrika Mashariki zimenunua vifaa vya kielektroniki kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, na mjadala wa hadhara kuhusu vifaa hivyo umekuwa wa namna moja tu: vingapi, kwa bei gani, na zabuni kapewa nani. Nchini Kenya, ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za 2013. Zabuni ya awali ikabatilishwa 2014. Mwaka 2016 mradi ukaanza kwa sura nyingine, sura ya vishikwambi, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Hapa Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile kwisha, na sioni cha kulaumu katika uamuzi huo. Heri kishikwambi mkononi mwa mwalimu kuliko ghalani. Lakini lipo swali ambalo lilistahili kuulizwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka: kifaa kikizeeka, mtengenezaji akaacha kukitolea masasisho, je, mwalimu au fundi wa halmashauri anaweza kukiwekea mfumo mwingine kutoka kwenye flashi yake, akakiendeleza miaka mitano zaidi? Kama hawezi, basi hatukununua kifaa. Tulinunua muda wa kukitumia, na muda huo anaupima mtu mwingine.

Ipo aina moja ya kompyuta ambayo jibu lake kwa swali hilo halina utata, nayo ndiyo inayonipa hoja ya leo. Ni kompyuta ya bodi moja: bamba dogo linalokaribia ukubwa wa kadi ya benki, ambalo juu yake zimepangwa prosesa, kumbukumbu ya muda, matundu ya kioo, ya kibodi na ya mtandao. Iliyo maarufu kuliko zote ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani. Kilichokosekana katika bamba hilo ndicho muhimu kwetu: halina diski. Ukiichomeka kwenye umeme bila kuiwekea kitu, haifanyi lolote la maana. Haina mfumo endeshi uliowekwa kiwandani, haina programu za majaribio zinazokudai fedha baada ya siku thelathini, haina mkataba wa kuukubali kwa kubonyeza. Ni lazima wewe, kwa mkono wako, uiandalie mfumo kwenye kadi ya kumbukumbu au diski ya nje, na ukitaka kesho iwe mashine nyingine kabisa, unabadilisha kadi.

Utupu huo haukutokana na uchumi peke yake. Eben Upton na wenzake wa Cambridge, waliounda taasisi ya hisani yenye jina hilo mwaka 2009, walisukumwa na hofu mahususi: vijana walioomba kusoma sayansi ya kompyuta chuoni hapo walikuwa wakipungua, na waliokuja walikuja na ujuzi mdogo kuliko waliowatangulia. Kizazi kilichotangulia kilikulia na BBC Micro ya 1981, mashine ambayo ukiiwasha inakupokea kwa kidirisha cha kuandikia programu. Kizazi kipya kilikulia na mashine zinazokupokea kwa picha za kubonyeza. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Uingereza, nchi yenye viwanda, maabara na vyuo vikuu vya karne nyingi, iliingiwa na hofu kwamba watoto wake wanageuka kuwa wabonyezaji. Sisi, ambao hatujawahi kuwa na enzi ya BBC Micro ya kuikumbuka, tumeandika ubonyezaji katika mitaala na kuuita elimu ya kompyuta.

Mimi nafundisha sera za umma, si uhandisi. Hata hivyo, katika semina yangu kila mwanafunzi husakinisha mfumo wa Linux kwenye bodi moja kati ya chache tulizonazo, na hakuna anayesamehewa kwa kisingizio kwamba yeye ni wa sayansi ya jamii. Nitaeleza kinachofanyika, kwa sababu siasa yenyewe imo ndani ya hatua.

Kwanza, mwanafunzi hupakua taswira ya mfumo, yaani faili moja lenye diski nzima ndani yake. Raspberry Pi OS, ambayo hadi 2020 iliitwa Raspbian, imejengwa juu ya Debian; toleo lake jepesi lisilo na madirisha ya picha halifiki gigabaiti moja likiwa limebanwa, na hilo ni jambo la maana kwa mwanafunzi anayenunua vifurushi vya intaneti kwa akiba ya chakula. Faili likishafika, hatulitumii papo hapo. Tunaliendesha kwenye hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Mfuatano huo tunaulinganisha na ule uliochapishwa na watengenezaji. Ikibadilika herufi moja tu katika faili zima, mfuatano wote hubadilika. Mkali atasema kwamba aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza kubadilisha na mfuatano uliochapishwa pale pale, na atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana zipo pia saini za kidijitali. Lakini mwanafunzi aliyefika mahali pa kubishana hivyo tayari ameshavuka mbali. Ameacha kuamini kitu kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake. Ni wahitimu wangapi wa vyuo vyetu wanaoweza kusema hivyo kuhusu tangazo la serikali, au la upinzani?

Pili, taswira huandikwa kwenye kadi, flashi au diski ya nje. Ipo programu rahisi ya kazi hiyo, Raspberry Pi Imager, ambayo humwongoza mtu hatua kwa hatua. Mimi huwalazimisha watumie pia amri ya zamani ya dd, angalau mara moja. Amri hii haina huruma. Ukiielekeza kwenye diski isiyo yake, itaifuta diski hiyo bila kukuuliza, na mafundi kwa utani huiita muuaji wa diski. Kwa hiyo unaanza na lsblk, unaiorodhesha mashine yako ilivyo, unatazama ukubwa wa kila diski, unachomoa flashi na kuichomeka tena ili uone ni jina gani linalotoweka na kurudi. Nimeona watu wazima wenye shahada mbili wakitokwa na jasho kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Jasho hilo ni zuri. Ni jasho la mtu ambaye kwa mara ya kwanza mashine imemchukulia kuwa ndiye mwenye amri.

Hapa kuna onyo la sokoni. Kadi na flashi bandia ni nyingi: imeandikwa gigabaiti 128, ndani mna nane, na udanganyifu huo hujitokeza tu pale data zinapoanza kuandikwa juu ya data. Iwe umenunua Kariakoo, Luthuli Avenue au kwenye duka la mtandaoni lenye nyota tano, ipime kwanza. Programu huria ya F3 hufanya kazi hiyo bila malipo. Na chaja nayo usiidharau. Bodi ikiona umeme dhaifu huchora alama ya radi pembeni mwa kioo, na wengi huihangaikia Linux siku nzima ilhali tatizo ni waya wa elfu mbili.

Tatu, kuna mpangilio wa kuwaka, nami nitatua hapa kidogo. Bodi za mwanzo zilisoma kadi tu. Ya kizazi cha tatu, ya 2016, iliweza kuwaka kutoka diski ya USB, lakini katika modeli ya kwanza ya kizazi hicho ilibidi kwanza uandike badiliko dogo ndani ya chipu, badiliko ambalo likishaandikwa halifutiki. Ya nne ilitoka 2019 na kupata uwezo huo kwa sasisho la 2020. Tangu hapo mpangilio umewekwa katika kumbukumbu ndogo iliyo juu ya bodi yenyewe, na mtumiaji anaweza kuusoma na kuubadilisha. Huandikwa hivi: BOOT_ORDER=0xf41. Tarakimu zake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama hati za Kiarabu ambazo Waswahili waliandikia tenzi zao kwa karne kadhaa: 1 ni jaribu kadi, 4 ni jaribu USB, f ni rudia tangu mwanzo. Ukitaka diski ya nje itangulie, unageuza mbili za mwisho, inakuwa 0xf14. Ni hayo tu. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na mamlaka juu ya mashine yamehama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, kwa uamuzi wako, ukiwa unajua ulichofanya.

Sasa linganisha na kishikwambi cha kawaida cha dukani. Tarakimu za namna hiyo zimo ndani yake pia. Hakuna mashine isiyokuwa nazo. Lakini mara nyingi zimefungwa kwa saini ya mtengenezaji, na palipo na njia ya kuzifungua, aghalabu dhamana hufa siku hiyo hiyo. Tofauti kati ya vifaa hivi viwili haiko katika uwezo wa prosesa wala uzuri wa kioo. Iko katika nani ameruhusiwa kugusa mstari mmoja.

Wapo watakaonishika mkono hapo na kuniambia kwamba naisifu Raspberry Pi kupita kiasi. Wana haki, na mimi nitawaongezea silaha. Katika vizazi vinne vya mwanzo vya bodi hiyo, kinachoamka kwanza si prosesa kuu bali chipu ya picha ya Broadcom, nayo hupakia msimbo ambao haujafunguliwa kwa umma. Linux yetu huria huamshwa na mlinzi wa geti ambaye hatujui mawazo yake. Mwanzoni mwa 2021, sasisho la kawaida la Raspberry Pi OS liliongeza kimyakimya hazina ya programu za Microsoft katika orodha ya vyanzo, pasipo kumuuliza mwenye kompyuta. Katika miaka ya uhaba wa chipu, baada ya 2021, kampuni iliwapa kipaumbele wateja wa viwandani, na mwanafunzi wa kawaida akabaki kununua kwa walanguzi. Juni 2024 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la London. Basi ni kampuni, na kampuni ina wanahisa. Sifanyi kampeni ya bidhaa. Yapo mabamba mengine, na mojawapo, BeagleBone, michoro yake ya umeme imewekwa wazi kwa yeyote atakaye kuisoma. Hilo lina diski ndogo ndani yake, lakini ukishikilia kitufe wakati wa kuliwasha, linakubali kuanza kutoka kwenye kadi yako.

Lakini tazama jambo moja katika mkasa ule wa 2021. Watumiaji waligundua. Waligundua kwa sababu orodha ya vyanzo ni faili la maandishi ambalo yeyote anaweza kulifungua, na aliyekerwa aliweza kuufuta mstari ule, au kuandika kadi nyingine yenye Debian tupu jioni ileile na kuendelea na maisha yake. Katika kifaa kilichofungwa, jambo lilelile lingetokea na sisi tungeendelea kubonyeza.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa maofisa wa TEHAMA serikalini, nami siipuuzi. Wanasema: mashine inayokubali kuwaka kutoka flashi yoyote ni mlango wazi, mtu ataingia ofisini jioni, atachomeka flashi yake, ataiwasha kompyuta ya mhasibu bila nywila na kuondoka na mafaili. Ni kweli tupu. Nywila ya kuingilia kwenye mfumo haizuii kitu mbele ya mtu mwenye flashi na dakika kumi. Ila dawa yake si kumpa mtengenezaji wa ng'ambo funguo zote. Dawa ni kuisimba diski yenyewe, ili anayeichomoa akute mafumbo, na kuufunga mpangilio wa kuwaka kwa nywila iliyohifadhiwa na taasisi. Hata bodi ninazozisema, kuanzia kizazi cha nne, zinaweza kufungwa zisikubali mfumo wowote isipokuwa uliotiwa saini, na ufunguo wa saini hiyo hutengenezwa na mwenye bodi. Sipingi kufuli. Mwenye nyumba anayelala bila kufuli ni mjinga. Nauliza tu ufunguo uko mfukoni mwa nani, na nashangaa kwamba tunaowakabidhi dhamana ya kulinda data za raia hawaulizi. Katika kompyuta nyingi za mezani zilizomo maofisini, utaratibu wa kuwaka kwa usalama umejengwa juu ya saini ya Microsoft, kiasi kwamba hata mifumo mikubwa ya Linux hupeleka kipande chake cha kwanza kwa kampuni hiyo kitiwe saini ndipo kikubalike. Mashine hizo pia huruhusu mwenyewe aweke funguo zake, na hiyo ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Ni ofisi ngapi zimeifanya?

Tukumbushane historia, maana si mara ya kwanza nchi hii kukutana na swali hili. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wanafunzi wangu hucheka wakisikia, wakidhani ni ushamba wa enzi zile. Kabla ya marufuku hiyo Hazina ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta, ikitegemea wataalamu wa kigeni na mashine ambazo maofisa wetu hawakuzielewa; mambo yakavurugika, fedha zikapotea, na kazi ikarudishwa katika njia za zamani. Marufuku ilikuwa jibu baya. Ilitufungia nje kwa miaka mingi, wakati dunia ikijifunza, na hata ilipolegezwa tulirudi sokoni tukiwa wageni. Lakini ugonjwa ulitambuliwa sawasawa: mashine ilikuwa yetu kwa stakabadhi, ujuzi wa kuiendesha ulikuwa wa wengine. Kilichofuata ni kwamba tulitoka katika kukataa mashine zote tukaingia katika kukubali mashine zote, na katikati ya misimamo hiyo miwili hatukusimama hata siku moja. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa 1967 ilisisitiza shule isiyomtenga mwanafunzi na kazi ya mikono yake. Jembe la mwanafunzi wa leo ni kadi ya kumbukumbu, nasi tumelikabidhi kwa wakala wa mauzo.

Hata hivyo hatukukosa watangulizi. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili, bila malipo ya leseni, ukiwa na istilahi zilizobuniwa na Waswahili wenyewe. Ni mwaka uleule ambao Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo wa Ubuntu, akiupa jina ambalo kwetu ni utu. Ubuntu unajulikana duniani kote. Kilinux, waulize watumishi wa umma wenye umri chini ya miaka arobaini kama wamewahi kuusikia. Kazi ile ilihitaji wizara moja tu iamue kuitumia. Ingetumika, ingekosolewa, ingesahihishwa, ingekua. Programu huria haifi kwa kukosa wataalamu. Hufa kwa kukosa mtumiaji mkubwa mwenye subira, na mtumiaji mkubwa kuliko wote katika nchi zetu ni serikali.

Kuna hoja ya soko la ajira: mwajiri anataka Word na Excel, kwa hiyo tufundishe Word na Excel. Sina muda mrefu na hoja hii. Mtu anayeweza kujenga mfumo mzima kwenye flashi atajifunza Excel kwa wiki mbili. Aliyefundishwa Excel peke yake atahitaji kufundishwa upya kila toleo jipya linapotoka, na ada atailipa yeye.

Kwa watumishi wa umma ninaongeza la kwenu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Toleo linalofuata linadai chipu ya usalama na prosesa ambazo kompyuta nyingi za zamani hazina. Maana yake, mashine zinazowaka vizuri, zenye kioo kizima na kibodi nzima, zimehukumiwa kuwa taka kwa uamuzi uliofanyika Redmond. Ujuzi uleule wa flashi unaotumika kwenye bodi ndogo unatumika hapa: unaandika Debian au Ubuntu kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kutoka humo, unaijaribu bila kugusa diski ya ndani, na ukiridhika unasakinisha. Si kila ofisi itaweza. Mifumo mingine ya kazi imefungwa kwenye Windows, na hilo nalo ni matunda ya zabuni zilizoandikwa bila kuuliza. Lakini mashine ya kuandikia barua, kusoma barua pepe na kuingia kwenye mifumo ya serikali kupitia kivinjari haina sababu ya kutupwa jaani.

Na kwa shule zisizo na intaneti ya uhakika, bodi hizi zinafanya jambo ambalo vishikwambi elfu haviwezi. Bodi moja yenye diski ya nje, ikiwekewa Kiwix au Kolibri, hugeuka maktaba inayorusha mawimbi ya WiFi darasani: Wikipedia ya Kiswahili nzima, vitabu, mazoezi, video, bila kifurushi hata kimoja. Hula umeme kidogo kuliko taa nyingi, hivyo paneli ndogo ya jua yenye betri inatosha. Mfumo huo uwekwe kwenye diski ya SSD badala ya kadi. Kadi huchakaa kwa kuandikwaandikwa na huharibika umeme unapokatika katikati ya kuandika, na kwetu umeme hukatika. Na ikiharibika, mwalimu mwenye nakala ya pili kwenye flashi droo ya meza anairudisha maktaba hewani kabla ya kipindi kinachofuata. Hamwiti wakala. Hangoji fundi kutoka makao makuu.

Ninachodai ni vitu viwili, na vyote vinaandikika. Cha kwanza ni kifungu katika kila zabuni ya kompyuta, kishikwambi au seva inayonunuliwa kwa fedha za umma: kifaa kiweze kuwashwa kutoka hifadhi ya nje kwa mfumo utakaochaguliwa na mnunuzi, funguo zote za kufungia na kufungulia utaratibu wa kuwaka zikabidhiwe kwa mnunuzi siku ya mapokezi, na kitendo cha kubadili mfumo kisifute dhamana ya vifaa. Mzabuni asiyeweza kutimiza aeleze sababu kwa maandishi, na maandishi hayo yawe wazi. Cha pili ni saa sita, narudia, saa sita tu, katika mafunzo ya ualimu na katika mwaka wa kwanza wa kila chuo cha umma, ambamo kila mwanafunzi ataandika mfumo kwenye flashi kwa mkono wake na kuiwasha mashine kutoka humo.

Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda huanza Julai 1, na hati za zabuni huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa vitengo vya ununuzi, kifungu nimeshawaandikia, kinakilini. Wanaharakati mnaofuatilia bajeti, kitafuteni katika hati na mkihoji kisipokuwamo. Na wanafunzi wangu: semina ya Ijumaa ni saa nane mchana, bodi tunazo saba, kadi hazitoshi. Atakayeweza aje na flashi yake ya gigabaiti 16 au zaidi, iliyokwisha kupimwa.